Wimbo wa Koku Ambao Hukuusikia

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii nikakaa kidogo, kwa sababu kwa miaka kumi na moja kila nilipokuamkia uliitikia marahaba na kuunganisha swali hapo hapo: "Umesikiliza nini leo?" Hukuwahi kuniuliza nimekula nini, wala kwetu Mkolani wameamkaje. Basi nitaanza kwa kujibu hilo, halafu nitafika kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika.

Nyimbo zimekuwa fupi. Zilikuwa zimeanza kufupishwa ukiwa hai, lakini mwaka huu mmoja na ushee tangu uondoke zimekatwa kama sare ya shule iliyobana. Utangulizi haupo tena. Wimbo unaanza na kiitikio moja kwa moja, kwa sababu msikilizaji yuko kwenye simu na kidole chake hakina subira. Ule ubeti wa tatu uliokuwa ukisema ndipo mtunzi anapojulikana, wengi hawauandiki kabisa. Wanaishia wa pili na kurudia kiitikio mpaka muda uishe.

Kile kipindi changu cha redio cha Jumamosi asubuhi bado kipo. Nyimbo mpya tatu, na mimi nasema ninachofikiri. Tajiri Mfupi, yule kijana wa Dar uliyesema ana koo zuri la kuimbia ila hana cha kuimba, sasa ndiye mkubwa wao. Wimbo wake mpya unapigwa hapa Mwanza, Kirumba nzima, kuanzia kwenye saluni mpaka Mwaloni kwa wauza dagaa. Sauti ameipitisha kwenye mashine mpaka hujui kama ni mtu au friji. Maneno hayana kitu. Mpenzi wake ameitwa asali mara nyingi hadi unawahurumia nyuki. Lakini anajua kunyamaza. Kabla ya kiitikio cha mwisho anakata kila kitu, ngoma, kinanda na sauti, kwa muda wa pumzi moja tu, na ukiwa mtaani utaona watu wamesimama wanasubiri. Nilisema redioni kwamba ile pumzi moja ndiyo wimbo na mengine yote ni mapambo. Mashabiki wake walinitukana kwenye simu mpaka mchana.

Kuna bendi imetoka Nyegezi, vijana wanne, wanajiita Vibarua. Hawana kampuni wala meneja. Wanarekodi chumbani kwa mmoja wao, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za nje. Magitaa yao mawili yanazungumza kama ya bendi za dansi za ujana wako, ila taratibu zaidi. Ungewapenda kwa dakika mbili, halafu ungekasirika, kwa sababu mwimbaji wao anaimba kana kwamba mwenye nyumba amelala chumba cha pili. Nilimwambia. Akasema ndiyo mtindo wa siku hizi. Nikamjibu kwamba aibu si mtindo. Tangu siku hiyo wananiamkia shikamoo na mimi sijafika hata arobaini.

Na yupo mmoja anaitwa Nkwabi Mashine, anachana kwa Kisukuma juu ya mdundo wa Afrika Kusini. Akitumia Kiswahili ni wa kawaida tu. Akirudi kwenye Kisukuma anatoa kejeli za mnadani, zile za mfugaji anayemsifia mwenzake ng'ombe wake huku akimvua nguo. Bibi yangu kule Magu alimsikiliza akacheka mpaka akafunika mdomo kwa kanga. Kwangu mimi huyo ndiye bora wa mwaka huu, na hakuna anayekubaliana nami.

Kwaya walinikabidhi mimi. Sikuiomba. Besi bado wanaimba "utulehemu", na mimi nawaacha kama ulivyowaacha, maana uliwahi kusema Mungu anazisikia herufi zote mbili. Kinanda kimetengenezwa mguu. Daraja la Busisi limekwisha na magari yanapita juu ya maji kama hakuna kitu chini. Hizo ndizo habari.

Sasa nifike kwa Koku.

Nimejaribu kuiandika sehemu hii mara tatu na kila mara naanza kukueleza mtoto wako ni nani, kana kwamba humjui. Nadhani ni kwa sababu miaka ile miwili ya mwisho hukulitaja jina lake mbele yangu ila mara moja. Ulikuwa umemfundisha noti kabla hajajua kusoma. Akawa alto wetu, sauti ya chini yenye uzito, ile ambayo ikikosekana kwaya nzima inasikika kama imevaa viatu virefu. Halafu siku moja akaja mazoezini na gitaa mgongoni, akakuambia mbele ya watu kwamba ameacha kwaya, anataka kuimba nyimbo zake mwenyewe, na jina lake la kazi ni Kokwa. Ulimwangalia ukasema, "Kokwa ndicho kitu watu wanachokitema." Tenari wakacheka. Yeye hakucheka. Akapanga chumba Nyakato, na kuanzia hapo mkawa mnaonana kwenye misiba na ubatizo, mkisalimiana kama watu waliowahi kukaa basi moja.

Ile mara moja uliyomtaja ilikuwa Alhamisi, kabla ya mazoezi. Ulikuwa unapanga karatasi za besi. Hukuinua uso. Ukasema, "Nyamizi, nasikia Koku ametoa wimbo. Ukoje?"

Nataka ujue nilikuwa nimeusikilizaje. Asubuhi ya siku ile nilipita Mwaloni kununua sato. Muuza samaki mmoja alikuwa anaupiga kwenye simu yake, simu yenyewe iko ndani ya ndoo tupu ili ipaze sauti. Mashua zilikuwa zimeingia, wapagazi wanapiga kelele watu wapishe. Nilisikia ubeti wa kwanza na nusu ya kiitikio. Unaitwa "Ndoo Mbili". Mwanamke anapandisha maji nyumbani kwao, juu kwenye mawe, na anahesabu hatua. Nilisikia anahesabu tu. Nikachukua samaki wangu nikaondoka.

Nikakujibu, "Hauna kitu, Mwalimu. Anaimba kama mtu anayesoma risiti."

Ukasema, "Basi."

Ukaendelea kupanga karatasi. Hukuuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine. Wewe uliyenifundisha kwamba wimbo mbaya haukimbiwi, mtu anakaa nao mpaka ajue umeumwa wapi, uliniamini kwamba nimekaa nao. Ulikuwa umeniambia mara nyingi kwamba sikio langu ni sikio lako la pili. Miezi minne baadaye ukaanguka kwenye ngazi za kanisa, Jumanne, presha, na kabla hatujafika hospitali ulikuwa huongei tena. Hukuamka.

Nimejiuliza kwa nini nilikujibu vile. Haraka ni sababu, lakini si yote. Koku alipoondoka, nafasi ya mtu wa kuulizwa ilibaki yangu peke yangu, na niliipenda. Ulikuwa na binti mwenye sauti ambayo mimi sitaipata hata nikifanya mazoezi mpaka nizeeke, na kwa miaka miwili ulikuwa unamsikiliza mtoto wa Msukuma wa Mkolani badala yake. Swali lako la siku ile nililiona kama mlango unafunguliwa arudi. Nikausukuma ufungike. Sikuwaza kwa maneno haya wakati ule, ila mkono wangu ulikuwa pale.

Tulikuzika Kamachumu, kibanjani, kwenye migomba ya kwenu, karibu na mama yako. Kwaya ilisafiri yote. Niliimba kwenye mstari na Koku alisimama upande wa wanawake wa ukoo, mdomo umefungwa, hata kwenye nyimbo alizozijua tangu utotoni. Nilimhukumu. Niliwaambia wenzangu ndani ya basi kwamba moyo wake umekuwa jiwe. Nayaandika haya kwa sababu na hayo niliyasema.

Miezi minane baadaye akatoa albamu, nyimbo tisa, na mkuu wa vipindi akataka niizungumzie. Ningeweza kukataa. Nilikaa nyumbani mchana, nikavaa spika za masikio, nikaanza na "Ndoo Mbili" ili niimalize haraka.

Ubeti wa kwanza ni dhaifu. Nilisema na bado nasema. Anahesabu hatua kwa sauti iliyonyooka kama ubao, na gitaa halimsaidii. Kiitikio kimerudiwa mara moja zaidi ya inavyofaa. Lakini kuna ubeti wa tatu, Mwalimu. Aliuandika. Anafika kwenye jiwe lililo mlangoni, anatua ndoo, na kuhesabu kunakoma, na hapo ndipo unajua alikuwa anahesabu kwa nini: ndani ya nyumba kuna mgonjwa, na alikuwa anajizuia asikimbie maji yasimwagike. Kila mwimbaji ninayemjua angepanda juu hapo. Yeye anashuka. Anashuka mpaka kwenye sauti ile ya chini uliyokuwa ukiiita ghala, anavuta pumzi mahali ambapo hakuna anayevuta, katikati ya neno, na neno halivunjiki. Mimi najua ni nani aliyemfundisha kupumua pale, kwa sababu ulijaribu kunifundisha na mimi na sikuweza.

Nilivua spika nikaosha vyombo. Vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumamosi nilisema redioni nilichokisikia: ubeti wa kwanza dhaifu, wa tatu ni kitu ambacho sijakisikia kwa msanii mwingine yeyote katika mji huu, na kwamba nilichelewa kuusikiliza. Sikukutaja. Alhamisi iliyofuata nikiwa nafunika kinanda baada ya mazoezi, wanakwaya wameshatoka, Koku akaingia akakaa benchi la nyuma. Jua la jioni lilikuwa bado linapita madirishani. Alikuwa amenyoa nywele zote. Anafanana na wewe sana bila nywele.

Hakunishukuru kwa nilichosema redioni. Aliniambia kwamba siku ya mazishi shangazi yake, dada yako mkubwa, alimshika mkono pale kaburini akamwambia, "Baba yako alikuwa anausikiliza wimbo wako kila siku, anajifungia chumbani, anaona aibu tu kusema." Ndiyo maana hakuweza kufungua mdomo siku ile. Kisha akaniuliza.

"Wewe ulikuwa naye kila siku, dada Nyamizi. Ni kweli?"

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha. Sikuhitaji hata kusema neno. Dada yako alikuwa ameshaifanya kazi yote, mimi nilitakiwa kuitia sahihi, na mtoto angetoka pale amepata baba. Nilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni kwamba lile lingekuwa jibu la pili la uongo kuhusu wimbo ule ule.

Nikamwambia hukuusikiliza. Nikamwambia uliuliza mara moja, ukaniuliza mimi, na nikamwambia nilichokujibu.

"Ulimwambia hivyo hivyo? Risiti?"

"Hivyo hivyo."

"Na yeye akasemaje?"

"Basi."

Akacheka kidogo kwa pua. "Hiyo basi naijua," akasema. Kisha uso wake ukabadilika, akasema polepole, "Kwa hiyo aliuliza." Alilirudia, kama mtu anayejaribu noti kuona kama iko sawa. "Aliuliza."

Nikamwambia ndiyo, uliuliza. Nikaanza kumwomba msamaha, akainua mkono nisiendelee. Akatoka bila kuniaga. Nilisikia hatua zake nje kwenye kokoto mpaka zikaisha, nami nikabaki nimeshika kile kitambaa cha kinanda na sikujua nikiweke wapi.

Miezi miwili sikusikia kitu. Halafu akanitumia ujumbe wenye wimbo mpya, haujatoka. Ujumbe ulisema: "Sikiliza wote. Niambie ulivyo. Usinionee huruma." Niliusikiliza siku mbili. Nikamwandikia kwamba maneno ya ubeti wa pili yamejazana kama abiria wa sikukuu, kwamba ngoma iko mbele mno inamfunika, na kwamba mstari wa mwisho ni mzuri kiasi kwamba autoe ule ulio kabla yake. Akajibu: "Maneno nitapunguza. Mstari nautoa. Ngoma naiacha." Nikamwandikia kuwa anakosea kuhusu ngoma. Akajibu: "Ni wimbo wangu." Nadhani ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kufanya.

Mwezi uliopita alikuwa na onyesho Sengerema, kwenye ukumbi mdogo karibu na soko, akanialika. Wengi sasa wanazunguka darajani, mimi nilivuka kwa kivuko cha Kamanga. Walikuja watu kama sitini. Wengine walidhani kuna sherehe ya mtu. Mama mmoja aliyekaa mbele alipaza sauti mara mbili, "Tupigie wa Tajiri Mfupi!" na Koku akamjibu, "Ule siuwezi, mama, una pumzi moja tu," watu wakacheka. Nilijua ameupata kwangu, redioni. Hakuangalia nilipokaa.

Alipofika kwenye "Ndoo Mbili" aliukata ubeti wa kwanza. Hakuniambia kabla. Alianzia wa pili, hatua zikiwa zimeshafika katikati ya mlima. Mwanzo mpya ule uliacha pengo, maana mtu hajui mwanamke anatoka wapi, na nitamwambia. Lakini wa tatu ulipofika, yule mama wa mbele aliweka chini chupa ya soda aliyokuwa ameshika, taratibu, isilie. Nimehudhuria maonyesho mengi, Mwalimu. Tajiri Mfupi anajaza viwanja. Sijamwona mtu akitua chupa vile.

Tulirudi kesho yake mchana, tumesimama ubavuni mwa kivuko, gitaa lake limeegemea reli. Nilimpa maoni yangu, mazuri na mabaya, naye alikuwa ananibishia kama kawaida. Kisha akauliza bila kuniangalia: "Baba angesemaje?"

Hilo swali nimeulizwa na watu wengi tangu ufariki. Wanakwaya wananiuliza, watangazaji wenzangu wananiuliza, na mara zote nimekuwa na jibu. Mwalimu angesema hivi, Mwalimu angependa vile. Hata kwenye kipindi. Hata mwanzoni mwa barua hii, nikirudi kusoma, nimekwambia ungewapenda Vibarua kwa dakika mbili. Najuaje? Nilikuwa karibu nawe miaka kumi na moja na sikujua kwamba ulikuwa unamsubiri mtoto wako mpaka ulipouliza, na ulipouliza sikukusikia.

Nikamwambia, "Sijui, Koku. Mimi nasema umeimba vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia mwaka huu."

Nikaona nimemsahau Nkwabi Mashine. Nikamrekebishia: kuliko mtu yeyote ila mmoja. Akacheka, safari hii kwa mdomo, akaniita mshenzi. Halafu akalia. Nilisimama karibu yake mpaka kivuko kikagusa Mwanza, na sikusema chochote, wala cha kwangu wala cha kwako.

Nilichotaka kukuandikia ni hicho. Siombi unisamehe kwa barua, maana hilo nalo ningelazimika kujijibu mwenyewe kwa sauti yako. Nimeandika na kwa nini nilikujibu vile, jambo ambalo hata Koku sijamwambia, ili liwe limesemwa kwako kwanza, kabla sijalisema kwa mtu mwingine.

Nakuahidi hivi, Mwalimu: sitasema tena kwa jina lako. Nikiupenda wimbo ni mimi nimeupenda, nikiukosea ni mimi nimekosea, na watakaotukana watukane kwenye simu yangu.

Lala salama pale kibanjani. Nimemwambia Koku na yeye akuandikie, akasema atafikiri. Sitamsukuma, na akikuandikia sitaomba kusoma.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Nyamizi